Kopo la bibi na shingo iliyogeuka kijani

Msomaji wetu wa Ipagala, Dodoma, ameandika hivi:

"Shikamoo mama. Bibi yangu wa Mpwapwa alifariki mwaka jana, akaniachia kopo la maziwa lenye vitu vyake: sarafu saba za zamani zenye tundu katikati, shanga nyekundu nyingine zikiwa kwenye uzi na nyingine zimetawanyika, funguo tatu, vifungo vya koti la babu aliyefanya kazi reli, saa ndogo ya kengele iliyokufa, vipande vya kikombe cha maua, na jino la mnyama nisiyemjua. Nilitengeneza kidani kwa ajili ya sendofu ya rafiki yangu. Vingine nilivitoboa kwa msumari, vingine nikavibandika kwa supagluu. Keki haijakatwa, kidani kikakatika, shanga zikamwagika chini ya meza, na nilipofika nyumbani shingo ilikuwa kijani. Lakini watu watatu waliniuliza nauza bei gani. Nataka kutengeneza vidani visivyo na pacha, vinavyodumu. Nianzie wapi, na niuze kwa bei gani?"

Marahaba mwanangu. Pole kwa msiba wa bibi, na pole kwa zile shanga. Kuokota shanga chini ya meza ukiwa na gauni la sendofu nimewahi, najua. Hukusema wale watatu walikuuliza bei kabla kidani hakijakatika au baada ya hapo. Kama ni baada, basi una jicho kweli kweli, na hayo mengine yote yanafundishika.

Niende moja kwa moja kwenye kosa, nalo ni msumari. Sonara akitoboa vibaya punje ya dhahabu, anaiyeyusha na kuanza upya. Anayeshona shanga za dukani akivunja kumi anafungua pakiti nyingine. Wewe umechagua kazi ambayo mali ghafi yake haina akiba. Sarafu ya bibi ikiharibika, utapata sarafu nyingine, ila ya bibi hutaipata. Kwa hiyo kazi yetu sisi wa vitu vya zamani na vya kuokota ni kushika. Kutoboa ni njia ya mwisho kabisa, na mara nyingi hata hiyo ya mwisho haihitajiki.

Nililijua hili kwa aibu. Nilipokuwa mgeni kwenye kazi, mzee mmoja wa Bahi aliniletea sarafu ya heller 20, fedha ya wakati wa utawala wa Wajerumani, ya mwaka 1916, akitaka niifanyie mkufu wa binti yake. Mimi nikaona kisarafu cha njano, kibaya, kingo zake hazikunyooka. Nikaitoboa juu ya taji kwa drili, nikaisugua mpaka ikang'aa. Baadaye ndipo nikajifunza kwamba sarafu zile zilipigwa Tabora, kwenye karakana ya reli, wakati wa vita, Wajerumani wakiwa wamekatiwa njia ya kupata sarafu kutoka kwao. Ule ubaya wa kingo ndio ulikuwa historia yake. Mzee alipokuja kuichukua aliigeuza mara mbili mkononi, akauliza, "Na hili tundu?" Nikamjibu ndilo la kupitishia mnyororo. Akalipa, akaondoka, hakunigombeza. Mpaka leo nikishika drili namwona.

Sasa mwaga kopo lako juu ya khanga tuangalie. Sarafu zako saba zina tundu tayari. Funguo zina pete kichwani. Vifungo vya koti la kazi, kama ni vile vya shaba, vina kikonyo nyuma cha kupitisha uzi. Shanga zina matundu. Katika vyote ulivyonitajia, vipande vya kikombe tu ndivyo visivyo na pa kupitisha kitu (jino na saa nina maneno navyo, subiri kidogo). Ina maana wewe ulitoboa nini kwa msumari? Nadhani ni funguo au sarafu, ili zikae ubapa, zisigeuke. Hapo ndipo wengi wanapotoboa. Dawa ya kitu kinachogeuka ni kukishika sehemu mbili: pitisha waya kwenye tundu lake la asili, uuzungushie ukingo, kisha utoe vitanzi viwili, cha kulia na cha kushoto. Kikining'inia kwa vitanzi viwili hakizunguki.

Kwa vipande vya kikombe, na kwa jiwe au kioo chochote kisicho na tundu, jifunze kusuka kitundu cha waya, kama kitundu cha ndege. Unahitaji waya mnene wa kiunzi, milimita 0.8 hadi 1, na waya mwembamba wa kufungia, kama milimita 0.4. Nyaya hizo wanazo mafundi wa kusuka upya koili za mota. Mabaki yao ni mazuri, ila kwanza usugue ile vanishi kwa msasa laini. Mnene zaidi unaupata ndani ya nyaya za umeme wa nyumba. Waya wa namba 1.5 ukiumenya una shaba yenye unene wa karibu milimita 1.4, mnene mno kwa kitundu lakini hasa kwa ndoano ya kufungia nyuma ya shingo. Namba 2.5 uachie mafundi umeme, utakuumiza vidole.

Kabla ya kukifunga kigae, sugua kingo zake kwenye jiwe la kunolea au msasa wa maji, ukimwagia maji wakati wote, mpaka ukipitisha kidole pasikukwaruze. Maji hayo si ya kupoza peke yake. Vumbi la vigae, kioo na mawe likiingia kifuani halitoki, na wachimbaji wetu wanajua linavyomaliza mapafu. Kisha kata nyaya mbili za kiunzi, zivuke nyuma ya kigae zikiwa na umbo la msalaba, zikunje zije mbele kama kucha nne fupi, na uzifunge kwa waya mwembamba pale zinapovukana. Ncha za juu zizungushe pamoja mara tatu kuwa shingo, halafu kitanzi. Cha kwanza kitakuwa kibaya. Cha kumi utakipenda.

Na ujue tabia ya shaba. Ukiipinda na kuipindua mara nyingi inakuwa ngumu, halafu inakatika. Ikianza kukataa, iweke juu ya jiko la mkaa mpaka iive rangi nyekundu iliyofifia, itumbukize kwenye maji, italainika tena kama mpya. Ndoano na kitanzi cha mwisho, kinyume chake, vigonge kidogo kwa nyundo juu ya chuma bapa ili viwe vigumu visifunguke. Mtu akiniletea kidani kilichokatika, naangalia ndoano kabla ya kitu kingine chochote. Mara nyingi hata sihitaji kwenda mbali.

Hapo tumefika kwenye meza ya sendofu. Kidani chako kilikatika kwa sababu mbili, naona. Ya kwanza ni supagluu. Inashika haraka na ikikauka inakuwa ngumu kama kioo, haina unyumbufu. Kitu kinachoning'inia shingoni kinatikisika mchana kutwa, na gundi ya namna hiyo ikitikiswa inaachia. Kwenye benchi langu supagluu inagusa kitu kimoja tu, fundo la mwisho la uzi, na ni tone dogo. Hakuna uzito unaobebwa na gundi. Kama kitu hakiwezi kushikwa kwa waya, uzi au kipete, basi hakijawa tayari kuwa kidani.

Ya pili ni uzi. Utakuwa umetumia wa cherehani, au mshipi wa kuvulia samaki. Wa cherehani unakatwa na kingo za ndani za shanga za kioo, na shanga za zamani ndizo kali zaidi kwa sababu zimemeguka meguka. Mshipi unajikunja, na baada ya muda unakuwa mkavu. Tumia uzi wa nailoni wa kusokota, ule wa washona viatu wa unene mdogo kabisa, uliopakwa nta. Na piga fundo baada ya kila ushanga. Najua ni kazi ya kuchosha, na uzi utakula karibu mara mbili ya urefu wa kidani. Lakini siku uzi ukikatika, ushanga mmoja tu ndio utaanguka. Ukiona fundo linapenya kwenye tundu, rudia mara mbili.

Vipete vya kuunganishia usinunue, tengeneza. Na hapo msumari wako una kazi sasa: uzungushie waya wa milimita 1 kwenye msumari wa nchi nne, ubane kila mzunguko ukae karibu na mwenzake, chomoa, ukate kwa mstari mmoja. Una vipete ishirini kwa dakika tano. Kukifungua kipete usivute ncha mbali na mwenzake kama unapanua pete ya kidole. Peleka moja mbele na nyingine nyuma, kama unavyofungua mlango. Kufunga ni hivyo hivyo, mpaka ncha zigusane na usikie kimlio kidogo cha kusuguana. Pasipopita unywele ndipo pamefungwa. Ukiwa na plaizi mbili za mdomo mrefu hutahitaji kulehemu, na naomba hasa usilehemu kwa ile risasi ya mafundi redio. Ina madini ya risasi ndani yake, na kidani hukaa shingoni, na watoto tunaowabeba hutia vidani mdomoni. Vivyo hivyo chubwi za nyavu za samaki: zinavutia kwa uzito na rangi ya kijivu, ziache.

Shingo ya kijani haikuumizi. Ni jasho na shaba vimekutana. Kile kijani ni chumvi za shaba, na sabuni inakitoa. Kama ilikuwa upele na kuwashwa, hiyo ni habari nyingine, wengi hukataliwa na nikeli, na sarafu nyingi nyeupe za zamani zina nikeli. Kwa shaba, pasha kitu joto kidogo juani, paka nta ya nyuki upande wa nyuma, ufute kwa kitambaa kikavu. Nta nzuri inatoka kwa wafuga nyuki wa Manyoni na Itigi, na donge dogo litakukalisha miezi. Wengine wanapaka rangi ya kucha isiyo na rangi. Inafanya kazi, ila inabanduka kwa madoa madoa na kufanya kitu cha zamani kionekane kama kina ugonjwa wa ngozi.

Sasa sarafu zenyewe, maana hapa mkono wangu hautulii. Sarafu za Afrika Mashariki zenye tundu, senti 1, senti 5 na senti 10, zina pembe za ndovu zimezunguka tundu. Soma jina la mfalme kwenye ukingo. Nyingi ni za George V na George VI. Ukikuta ya mwaka 1936 yenye jina la Edward VIII, weka pembeni uifurahie: alitawala chini ya mwaka mmoja, akaachia kiti, hajavikwa hata taji, lakini jina lake lilishapigwa kwenye senti zetu. Si adimu hivyo kwamba utanunua kiwanja cha Nala, lakini ni hadithi ya kusimulia unapouza. Zikiwa na neno HELLER na tundu, ni za Wajerumani: ya 10 ilipigwa kuanzia 1908, ya 5 yenye tundu mwaka 1913 na 1914. Zote hizi usizisugue, wala usizipige ndimu na chumvi. Ule weusi uliokaa kwenye maandishi ndio unaofanya maandishi yasomeke, na mkusanyaji wa sarafu akiona imesuguliwa anairudisha mezani. Maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo, kitambaa, basi. Sarafu zinazotumika leo usizifanyie kitu. Kuharibu fedha ya nchi ni kosa.

Na usizivae zote saba! Senti 10 moja ina uzito wa gramu 9 hadi 11. Saba ni kama gramu 70 kabla hujaweka funguo, shanga na waya. Mimi nikipita gramu 60 kwa kidani kizima naanza kupunguza, kwa sababu mwenye kukivaa atakivua saa mbili za usiku na kukiweka kwenye pochi, na kidani cha kwenye pochi hakikuletei mteja. Tafuta mizani ndogo ya jikoni au muombe sonara akupimie.

Kupunguza ndiko kunakokupa kidani kisicho na pacha. Naona vijana wengi wakiamini kwamba upekee ni wingi wa vitu, kwa hiyo wanatundika funguo, gia, kifungo, manyoya na kizibo cha soda, vyote vikipiga kelele kwa pamoja. Chagua kimoja kizungumze. Tuseme ni kifungo cha babu. Basi shanga nyekundu ziwe kimya pembeni, tatu kulia, tano kushoto, na nyuma ya shingo uzi mtupu. Sarafu moja, labda, iwekwe mahali pasipotarajiwa, karibu na bega. Pande mbili hazihitaji kufanana, ila zinahitaji kupimana uzito. Upande mmoja ukizidi, kidani kitatembea na ndoano utaikuta kifuani. Mimi nina kibuyu chenye shingo nyembamba, kimesimama dirishani. Kila kidani kinalala pale usiku mmoja. Asubuhi kikiwa kimehama, narudi kazini. Kupanga napanga kwenye ungo uliotandikwa khanga ya rangi moja, maana juu ya meza shanga hukimbia, na juu ya khanga yenye maua huoni unachokifanya.

Vifungo hivyo vya babu viangalie kwa lenzi. Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910, lakini herufi ndizo zitakazokuambia umri wa kifungo. Reli ya Tanganyika iliunganishwa na ya Kenya na Uganda mwaka 1948, kwa hiyo kifungo chenye herufi za Afrika Mashariki hakiwezi kuwa cha kabla ya hapo, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati ule ilivunjika 1977. Ukimjua babu alistaafu lini, unaweza kumwambia atakayekuuliza jambo la kweli. Na sema la kweli tu. Kule Kongwa ukiokota kipande cha chuma, atatokea mtu akuapie kwamba ni cha matrekta ya Mradi wa Karanga wa Waingereza, wa 1947 hadi 1951. Huenda. Mimi huandika "kimeokotwa Kongwa" na kunyamaza hapo.

Shanga nyekundu zinahitaji subira. Chukua moja iliyopasuka uitazame ndani. Nyekundu nje na kiini cheupe ndani ni kioo cha Ulaya cha tabaka mbili, kizazi cha shanga zilizokuja na misafara ya karne ya 19. Msafiri Mwingereza Richard Burton alipopita Ugogo miaka ya 1857 na 1858 alikuta misafara ikilipa hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa nguo na shanga, na shanga nyekundu za thamani ziliitwa samesame. Sisemi za bibi zako zililipwa hongo. Aina hiyo iliendelea kutengenezwa muda mrefu. Kama ni nyekundu mpaka ndani, huenda ni kioo cha baadaye, au plastiki. Kujua kioo, gusisha jino la mbele: kioo ni baridi na kinagonga, plastiki ni ya joto na inagonga kwa sauti butu. Mtihani wa sindano ya moto uuache, plastiki nyingine za zamani huwaka ghafla kama kiberiti.

Lakini kabla ya kuzigusa zilizo bado kwenye uzi, piga simu kwa shangazi. Nasema shangazi makusudi. Pima huo uzi: kama ni mrefu kupita shingo, tuseme sentimita 80 na zaidi, na shanga ni ndogo ndogo, inawezekana ni za kiunoni. Mwanangu, ukizivaa shingoni kwenye sendofu, wamama wa meza ya mbele watacheka mpaka wafute machozi, na hakuna atakayekuambia kwa nini. Inawezekana pia zilivaliwa kwa jambo la ukoo, ambalo shangazi analijua na wewe hujaambiwa. Akisema sawa, zipige picha kwanza zikiwa zilivyo, kwa mpangilio wa rangi wa bibi, kisha tumia zilizotawanyika tu. Ule uzi mzima ubaki mzima.

Jino, sasa. Usilitie kwenye kidani, na usilitangaze kwenye simu ukiuliza ni la nini. Kama ni la ng'ombe au nguruwe wa kufugwa hakuna neno. Kama ni la mnyama pori, pamoja na kucha, pembe za ndovu na mifupa yao, hizo ni nyara za Serikali, na kuwa nazo bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2009, hata kama aliyekuachia ni bibi. Nenda nalo ofisi ya wanyamapori ya wilaya, ueleze limetoka wapi. Ni heri uende nalo mwenyewe kuliko kukutwa nalo.

Na ile saa ya kengele: tazama mishale na namba. Zikiwa na rangi iliyopakwa, ya ukijani au ya kahawia iliyochakaa, ile iliyokuwa ikiwaka gizani, usiifungue. Saa nyingi za zamani zilipakwa radiamu, na ingawa mng'aro umekwisha, mionzi haijaisha. Hatari kubwa ni kukwangua na kuvuta unga wake. Radiamu na rangi salama za baadaye hazitofautishwi kwa macho, kwa hiyo iache ifungwe, mbali na kitanda. Gia za vidani chukua kwa fundi saa, za saa zisizo na rangi hiyo. Anazo kwenye kopo la filamu, na atakupa nyingi kwa bei ya soda.

Kopo la bibi litakwisha, na ni vizuri lisiishe haraka. Kwa Dodoma yetu mimi huzunguka hivi: mnada wa Msalato Jumamosi, asubuhi kabla vumbi na nyama choma havijapamba moto, Sabasaba kwenye mitumba, kutafuta mikanda na mikufu iliyokatika, maana ndoano na vipete vyake ni vizima, mafundi baiskeli kwa vichwa vya spoku, ambavyo ni vishanga vya shaba vilivyotobolewa na kiwanda bila wewe kutoa jasho, baa zinazouza mvinyo wetu wa zabibu, kwa vizibo vya gome, vyepesi kama hewa, vinavyojaza nafasi bila kuongeza gramu. Mbegu za ubuyu zikichemshwa, zikakaushwa, zikatobolewa kwa keekee ya mkono, zinapokea nta vizuri sana. Zile mbegu nyekundu zenye jicho jeusi, za mturituri, usizitoboe hata ukiombwa. Unga wake ni sumu kali.

Ukitaka jiwe la kwetu, ulizia krisopresi ya Haneti, ile ya kijani kama tufaha bichi. Ni nikeli inayoipa rangi hiyo. Vipande vidogo ambavyo wanunuzi wa madini hawavitaki ndivyo vinavyotufaa sisi kwenye kitundu cha waya. Usiviache juani dirishani wala karibu na jiko, rangi yake huweza kupauka kwa joto. Vigae vya udongo na vitu vya mawe vya kwenye mapango ya michoro ya Kolo, Kondoa, usiokote hata kimoja. Eneo lile ni urithi wa dunia tangu 2006, na sheria ya mambo ya kale ipo tangu 1964.

Bei. Andika saa ulizotumia, pamoja na saa za kuzunguka mnadani, ambazo kila mtu husahau. Tuseme saa sita, na umejipangia shilingi 4,000 kwa saa: 24,000. Waya, uzi, nta na ndoano 7,500. Bodaboda 2,000. Umefika 33,500, na hujalipia kitu chenyewe wala hujapata faida. Kukiuza 45,000 si dhuluma. Mtu atakuambia mnadani kuna cheni za elfu tatu. Mwambie ni kweli, zipo, na nzuri. Usishushe. Ukishusha mara moja, shoga yake atakuja na bei hiyo hiyo mkononi.

Cha kuuza lakini kisiwe na kifungo cha babu. Bakiza vya ukoo kwenye ukoo. Na wale watatu wa sendofu usiwaonyeshe picha ya kile kilichokatika ili wachague kama hicho, maana watataka kama hicho, na wewe utaanza kutafuta sarafu zinazofanana. Waulize wana nini kwenye makopo ya bibi zao.